Kikombe kimoja hakiwatoshi wagonjwa wote

(Mada iliyotolewa kwa kamati za parokia, Nyamwaga, wilayani Tarime)



Tumeombwa tuseme juu ya presha, kisukari na magonjwa mengine yanayokaa na mtu miaka yote, na hasa juu ya dawa za asili na zile za Kihindi zinazopitishwa siku hizi hadi milangoni mwa makanisa yetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania alikuwa na presha ya juu. Kwa hiyo hatuzungumzi habari za Dar es Salaam. Tunazungumza habari za benchi lako la Jumapili.

Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2011. Kule Samunge, Loliondo, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, tuliyemwita Babu, alitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Kikombe kilikuwa kimoja, kipimo kimoja, kwa mwenye kisukari, mwenye pumu, mwenye saratani na mwenye virusi vya UKIMWI. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi, na wagonjwa wengine walifia humo. Babu alifariki mwaka 2021 na hatupo hapa kumsema marehemu. Shilingi 500 si bei ya mtu anayetafuta utajiri. Lakini wapo waliorudi nyumbani wakaacha vidonge kwa kuamini wamepona, na kisukari hakikuwa kimekwenda popote.

Sasa, tiba ya Ayurveda kutoka India inasema kinyume cha kikombe kimoja. Mganga wake hukaa na mgonjwa kwa muda mrefu. Anamuuliza anakula nini, analala saa ngapi, choo chake kikoje, anahangaishwa na jambo gani. Kisha humpanga kwa maumbile matatu, yaani vata, pitta na kapha, na kila mmoja hupewa chakula na dawa yake. Hayo maumbile matatu sayansi haijayathibitisha, nasi hatuwaombi myaamini. Ila lile la kukaa na mtu na kumuuliza tunalitamani sana. Katika kliniki zenye foleni, mgonjwa wa presha hupata dakika chache na bahasha ya vidonge.

Tusidharau miti pia. Mwarobaini ulio nyuani kwetu asili yake ni upande wa India. Na mwaka 1949 daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay aliandika katika jarida la madaktari wa moyo la Uingereza jinsi mzizi wa Rauwolfia, dawa ya kale ya Kihindi, ulivyoshusha presha. Kutokana na mzizi huo ikapatikana dawa ya hospitali iitwayo reserpini. Angalieni lakini njia iliyopita: wagonjwa walipimwa, wakaandikwa, wakapimwa tena.

Wanaokuja na begi la makopo na kile kimashine cha kushika mkononi, eti kinapima mwili mzima, hawafanyi hivyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti walinunua dawa 70 za Ayurveda katika maduka ya eneo la Boston, Marekani, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Kopo lilikuwa zuri na lebo nzuri. Tena hata dawa safi huweza kugongana na nyingine: karela hushusha sukari, na mtu anayemeza vidonge vya kisukari akiinywa kila siku bila kumwambia daktari, sukari inaweza kushuka mno hata akaanguka shambani.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Basi kamati ikiombwa ruhusa ya kuuza dawa baada ya ibada, iulize cheti. Hana cheti, hana meza. Tunajua wengine wataudhika, maana muuzaji huacha sadaka nono. Iacheni ipite.

Tunapendekeza kila parokia iwe na mashine moja ya presha na daftari. Wachaguliwe watu wawili wenye kutunza siri, wafundishwe na wahudumu wa afya, wapime Jumapili mbili za mwezi. Anayepata 140 kwa 90 au zaidi, na akarudia kupata hivyo, aandikiwe aende hospitali ya halmashauri hapa hapa Nyamwaga. Presha haiumi, ndiyo maana watu husema "mimi mzima". Kisha aulizwe yale ya mganga wa Kihindi: chumvi kiasi gani, maana isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku pamoja na ile iliyo kwenye mchuzi. Pombe je, na tumbaku? Analala? Kuna dawa ya miti anayokunywa kwa siri? Asigombezwe, la sivyo hatasema tena.

Ushauri nao ufuate mtu. Bibi anayelima kutwa nzima hahitaji kuambiwa afanye mazoezi. Dereva wa bodaboda anayeshindia soda na chipsi anahitaji. Mwenye sukari arudishiwe ugali wa ulezi na mtama kwa kiasi, mnavu na mgagani, wala asiuziwe unga wa kopo.

Ndugu wafadhili, mtatuuliza kwa nini hatuombi jengo. Tunaomba mashine, betri na nauli ya wagonjwa wasio na uwezo wa kurudi kliniki kila mwezi. Nauli ndiyo inayowashinda wengi kabla ya dawa.

Madaftari yako mezani pale nyuma. Kila parokia ichukue mawili, na majina ya wapimaji yaletwe kabla ya kikao kijacho.