PROGRAMU ITAKAA WAPI? TUULIZE KABLA YA KUNUNUA

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi kwenye semina ya kamati za miradi za sharika, Singida



Kamati kadhaa zimeomba kompyuta pamoja na programu ya kutunzia kumbukumbu za washarika, sadaka, vikundi vya VICOBA, visima na miradi ya alizeti. Ombi hilo ni jema. Hata hivyo, kabla ya kununua tunapenda tuelewane juu ya jambo moja: programu hiyo na kumbukumbu zake zitakaa wapi?

Tunauliza kwa sababu tumejifunza kwa hasara. Katika mradi mmoja wa maji tuliwahi kuweka kumbukumbu zote kwenye kompyuta moja, ndani ya programu iliyoandikwa na fundi mmoja. Kompyuta ilipoharibika, fundi alikuwa amekwisha kuhama. Tulilazimika kurudi vijijini, kisima kwa kisima, kuandika upya. Fedha iliyonunua mafuta ya gari ingeweza kutengeneza pampu.

Iko njia nyingine. Kila kompyuta, na simu nyingi za siku hizi, huja na kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, kama vile Chrome au Firefox. Kivinjari cha kwanza kilitengenezwa na Tim Berners-Lee mwaka 1990 karibu na Geneva, na kazi yake ilikuwa kusoma na kuandika kurasa. Mwaka 1995 Brendan Eich wa kampuni ya Netscape alibuni lugha ya JavaScript. Lugha hiyo huandikwa ndani ya ukurasa wenyewe na kivinjari huitekeleza papo hapo: hujumlisha, hukagua fomu, hukataa tarehe iliyokosewa. Hivyo ukurasa uliokuwa wa kusoma tu umekuwa programu ya kazi, na kumbukumbu hukaa kwenye kompyuta kuu, yaani seva, badala ya meza ya mtu mmoja.

Mfano tunao hapa nyumbani. Wajumbe wa kamati za zahanati mnavifahamu vitabu vya MTUHA. Takwimu zake hujumlishwa na kuingizwa kwenye mfumo uitwao DHIS2. Mfumo huo ulizaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990, na toleo lake la kwanza lilihitaji kuwekwa kwenye kila kompyuta. Toleo la pili, linalofunguka kwenye kivinjari, lilianza kutumika mwaka 2006 katika jimbo la Kerala, India. Kenya ililiweka kwenye seva moja kwa nchi nzima mwaka 2011. Kwetu Tanzania lilienea mikoani katika miaka hiyo hiyo ya 2010, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Oslo. Faida yake ni dhahiri: marekebisho yakifanywa kwenye seva, wilaya zote huyapata. Hakuna fundi wa kusafiri hadi Mkalama au Manyoni kuweka toleo jipya.

Mtauliza: mtandao ukikatika je? Waliotengeneza DHIS2 walikutana na swali hilo hilo, wakaiwezesha fomu ya takwimu kuhifadhi kazi ndani ya kivinjari hadi mtandao unaporudi. Lakini si kila programu ina uwezo huo. Aidha, programu nyingi zilitegemea nyongeza iitwayo Flash, ambayo Adobe iliacha kuihudumia mwisho wa mwaka 2020. Nyingine zilifanya kazi kwenye Internet Explorer peke yake, na Microsoft ilikistaafisha kivinjari hicho mwaka 2022. Waliofungwa na kitu kimoja waliachwa njiani.

Kwa hiyo, kila ombi la programu litakalokuja kwetu lijibu maswali haya:

Kwanza, je, inafunguka kwenye kivinjari chochote cha kawaida, hata cha simu?

Pili, mtandao ukikatika katikati ya kazi, yaliyokwisha kuandikwa yanabaki?

Tatu, tukiachana na mtoa huduma, tunaweza kuondoka na kumbukumbu zetu zote?

Nne, nani ana nywila, na nani anaruhusiwa kuona nini? Kumbukumbu za washarika ni siri za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana sisi pia.

Tano, ada ya seva na vifurushi vya intaneti italipwa na nani mradi ukimalizika? Swali hili ni la wafadhili pia. Kompyuta hununuliwa mara moja, lakini seva hulipiwa kila mwaka.

Kamati isiyo na majibu isione aibu kuendelea na daftari, mradi liandikwe vizuri na nakala yake itunzwe mahali pengine. Katika Luka 14 Bwana Yesu anatukumbusha habari za mjenzi wa mnara na hesabu ya gharama. Tukae chini tupige hesabu kwanza, kwa kuwa fedha hii ni sadaka ya watu.