Jiko Lisilale Ndani
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Halmashauri ya tawi imetupa nafasi ya kusema juu ya jiko la makaa katika miezi hii ya baridi. Wengine watauliza, je, mambo ya mishahara yamekwisha hata tukazungumze habari za jiko? Hayajakwisha. Lakini mwanachama aliyekufa usingizini hadai nyongeza.

Baridi ya Nairobi na Limuru, kuanzia Juni hadi Agosti, twaijua sote. Ile ya Timboroa, pale reli ilipojengwa juu ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, haingoji Juni. Mtu atoka zamu ya usiku amekufa ganzi, akuta jiko limekolea, afunga mlango, aziba tundu la juu kwa gunia, alala.

Jambo la kwanza kulijua ni kwamba moshi si adui mkubwa. Moshi huwasha macho, na mtu hukohoa akatoka nje. Ndiyo sababu watu huwasha jiko uani, hungoja moshi uishe na makaa yawe mekundu, kisha huliingiza chumbani wakidhani sasa ni salama. Kumbe makaa mekundu ndiyo yatoayo hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Ikiingia mwilini huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ile hewa tunayoishi kwayo. Damu huzunguka, lakini haibebi kinachotakiwa. Mama mwenye mimba na aangalie zaidi, maana mtoto aliye tumboni huumia mapema.

Sisi watu wa reli tunayo habari yetu katika jambo hili. Usiku wa manane tarehe 3 Machi 1944, karibu na Balvano huko Italia, treni ya mizigo iliyojaa watu waliodandia ilikwama ndani ya handaki lipitalo chini ya mlima. Ilivutwa na injini za makaa ya mawe. Mzigo ulikuwa mzito, magurudumu yakateleza, na injini zikaendelea kuwaka palepale. Walikufa watu zaidi ya 500. Treni haikugongana na kitu wala haikupinduka. Ni hewa tu. Basi chumba cha futi kumi kwa kumi, mlango umefungwa na jiko ndani, ni handaki dogo.

Mitaani husemwa mengi. Ati weka karai la maji kando ya jiko litanyonya sumu. Halinyonyi, hewa hii haiingii majini ila kidogo sana. Ati tupa chumvi juu ya makaa. Ati jiko lenye udongo ndani, lile lililoenea tangu miaka ya 1980, halina sumu. Jiko hilo hula makaa kidogo, na kwa kupikia twalisifu, lakini makaa ni yaleyale. Na aliyenunua hita kuukuu ya gesi asijione ameokoka. Atazame moto wake. Ukiwa wa manjano na kuacha masizi, gesi haiungui sawasawa, na sumu ni ileile. Aizime amwite fundi. Na hata ikitengenezwa, asilale ikiwaka.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na magoti kulegea. Wengi husema ni malaria. Lakini malaria haiwashiki watu wote wa chumba kwa saa moja, wala haipungui kwa kutoka nje. Ukimkuta mwenzako amelegea, fungua mlango umvute nje kwanza. Usikae ndani ukimwamsha. Apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu, na daktari aambiwe kwamba kulikuwa na jiko. Katika hewa ya kawaida sumu huchukua kama saa 4 au 5 kupungua nusu. Akivutishwa oksijeni tupu hupungua upesi zaidi. Maziwa hayaitoi.

Nyumbani, basi, pasheni chumba jioni mlango ukiwa wazi, na jiko litoke kabla ya taa kuzimwa. Ni afadhali kuongeza blanketi.

Sasa habari ya kazini. Mlinzi wa geti au wa yadi hukesha katika kibanda cha mabati, jiko liko miguuni. Kumwambia asiote moto bila kumpa kitu kingine ni maneno ya mtu anayelala kwake. Twataka kila kibanda kiwe na matundu chini na juu, yasiyoweza kuzibwa kwa gunia, na mlinzi apewe koti zito. Kila mwanachama anayejua kibanda kisicho na tundu ampe katibu wa tawi jina la mahali hapo kabla ya mwisho wa mwezi, ili orodha ipelekwe kwa mwajiri. Mwenye swali aulize sasa, wakati chai inaletwa.