Mshahara wa Wakala wa Fedha na Bei ya Mahali

Swali hili linaonekana jepesi: wakala anayeuza hisa, hati fungani na huduma nyingine za fedha, akilipwa kiasi kilekile, ni wapi pesa yake itamfikisha mwisho wa mwezi? Marekani wamelipima swali hili kwa takwimu za serikali, kwa hiyo naanzia huko. Ofisi ya Takwimu za Kazi ya nchi hiyo ilionyesha kuwa mwaka 2023 wakala wa kati, yaani yule ambaye nusu ya wenzake wanamzidi na nusu anawazidi yeye, alilipwa dola 76,900. Ofisi ya Uchambuzi wa Uchumi nayo hutoa fahirisi ya kulinganisha bei za jimbo na jimbo, wastani wa taifa ukiwa 100. Katika miaka ya karibuni California imekuwa kwenye 112 hivi, Mississippi karibu 87. Gawanya mshahara ule kwa fahirisi hizo, uzidishe kwa 100: California unanunua vitu vya dola 68,700 kwa bei za wastani, Mississippi vya dola 88,400. Pengo la karibu dola 20,000 si dogo, na ndilo linalozaa zile orodha za majimbo yanayosemekana kumfaa zaidi mfanyakazi. Hoja yangu ni kwamba hesabu hiyo inamfaa mwajiriwa wa mshahara usiobadilika, lakini wakala inampotosha, kwa sababu yeye huishi kwa kamisheni na hutumia pesa mahali palepale anapozitafuta.

Tuitazame fahirisi kwa ndani. Bei za bidhaa hazipishani sana, maana shati, simu na sukari husafirishwa hadi bei zikakaribiana. Nyumba haisafirishwi. Kodi ya pango California huzidi wastani wa taifa kwa zaidi ya nusu, ilhali bidhaa hupishana kwa asilimia chache tu. Tunaposema jimbo ni ghali, kwa sehemu kubwa tunasema ardhi yake ni ghali. Na ardhi hupanda bei walipo watu wenye fedha, ambao ndio wakala anawawinda. Anayepanga Manhattan analipia chumba, na papo hapo analipia ujirani na mawakili, wenye makampuni na wasimamizi wa mifuko ya pensheni. Kamisheni ni asilimia ya kilichowekezwa: kumshawishi mwenye dola 50,000 kunaweza kumla wakala siku nyingi sawa na kumshawishi mwenye dola milioni moja, lakini malipo hayakaribiani hata kidogo. Kwa haki niseme pia kwamba fahirisi haihesabu kodi ya mapato, na hapo inayapunja majimbo ya kusini. Texas, Florida na Tennessee hazitozi kodi ya jimbo kwenye mshahara, wakati mkazi wa jiji la New York hutozwa na serikali kuu, na jimbo, na jiji lenyewe.

Nitaulizwa: enzi hii ya intaneti, kwa nini wakala asikae kwenye nafuu akauza kwa simu? Makampuni yenyewe ya fedha yamehama. AllianceBernstein ilitangaza mwaka 2018 kuhamisha makao yake kutoka New York kwenda Nashville, Tennessee, na Charles Schwab imeondoka San Francisco ikaenda Westlake, Texas. Pingamizi hili lina uzito, ila linawahusu zaidi wenye mshahara wa uhakika. Kampuni ikihama, mhasibu wake huhama na malipo yake. Wakala huacha nyuma wateja aliowajenga kwa miaka. Sheria nayo ina mipaka yake: mtihani wa taifa akishaufaulu, bado wakala hulazimika kusajiliwa katika majimbo wanakoishi wateja wake. Tena uaminifu wa mtu anayekukabidhi akiba ya uzeeni haupatikani kirahisi kwa sauti ya simu.

Kuna kosa jingine ambalo wasomaji wa Kiswahili walio ughaibuni watalitambua mara moja. Fahirisi inaugawa mshahara mzima kwa bei za jimbo, kana kwamba kila dola inatumika humo. Dola 500 za karo zinazotumwa Tanga hazipungui thamani kwa kuwa zimetoka California, wala hazinenepi kwa kutoka Mississippi. Marejesho ya mkopo wa chuo ni vivyo hivyo. Mwenye majukumu ya mbali anapaswa kuuliza, baada ya pango, chakula na kodi, zimebaki dola ngapi taslimu. Na kwa swali hilo mji ghali wenye malipo makubwa unaweza kuushinda mji wa nafuu.

Kwetu hesabu hii ni ngumu zaidi. Amri ya mishahara ya Kenya ya mwaka 2024 inautambua umuhimu wa mahali: kibarua wa kawaida Nairobi au Mombasa aliwekewa kima cha chini cha takribani shilingi 16,100 kwa mwezi, na wa maeneo ya mbali na miji karibu 8,600. Lakini wakala wa bima anayelipwa kamisheni tupu hana kima cha chini cha kumkinga. Mtazame anayepanga Rongai, nje kidogo ya jiji, na kuuza katikati ya Nairobi: nauli ya matatu asubuhi na jioni, bando la simu, chai ya mteja ambaye huenda asitie saini, vyote vinatoka mfukoni mwake kabla ya kamisheni kuingia. Mwenzake wa Lodwar, kaskazini mwa Kenya, analipa pango dogo, lakini wenye magari ya kukatiwa bima wako wachache na njia kati yao ni ndefu. Nani kati yao amebaki na kingi? Fahirisi za bei tunazotangaziwa kila mwezi, Kenya na Tanzania, hueleza jinsi bei zilivyopanda tangu jana. Hazitwambii Lodwar ni nafuu kwa kiasi gani kuliko Nairobi, au Songea kuliko Dar es Salaam. Ofisi zetu za takwimu tayari hukusanya bei hizo sokoni. Naziomba zichapishe ulinganisho wa mkoa na mkoa, kaunti na kaunti, na zianze na kodi ya pango.