Ulimi hubadilika, mbu naye hubadilika

Msikilizaji, neno "mabadiliko" lina sura mbili. Katika lugha, sauti hubadilika kwa kanuni: ulimi mmoja, ndimi mbili, mti mrefu, kamba ndefu, kupenda huzaa mapenzi. Anayesema hivyo hakosei, anafuata njia ya wazee wake.

Katika jeni, mabadiliko mara nyingi huanza kama kosa la kunakili. Makosa mengi hayana faida. Machache humwokoa mwenye nayo. Chukua mfano wa mbu: dawa ya chandarua haizalishi makosa hayo. Huua mbu wasio na yale yanayookoa, na wenye nayo hubaki na kuzaana, hadi dawa inakuta mbu sugu.

Kwetu hapa Kibaoni, katika bonde la Kilombero nchini Tanzania, usugu huu uko mlangoni. Mwaka 2017, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walionyesha kwamba katika vijiji vya Kilombero na Ulanga walivyovichunguza, mbu aina ya Anopheles funestus, sugu kwa dawa za pairethroidi zinazotiwa kwenye vyandarua, ndiye aliyesababisha zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi ya malaria.

Hata hivyo, chandarua kizima humzuia hata mbu sugu. Tulale ndani yake kila usiku, tushone matundu, tufukie madimbwi. Adui amebadilika, nasi tubadilike.