Mlima Ukiteremka: Tutake Malengo Yenye Tarehe

(Hotuba kwa wanachama, Kangari)



Leo hatukuja kusema habari ya mshahara peke yake. Twataka kusema habari ya udongo huu mwekundu wa miteremko ya Nyandarua, tunaoukanyaga kila siku tukichuma majani chai. Masika yakishika, tangu Machi hata Mei, udongo hunywa maji mpaka ukawa mzito, kisha huteremka pamoja na miti, nyumba na watu. Aprili 1997 uliteremka katika kijiji cha Maringa, Murang'a yetu hii, wakafa watu 11.

Wako wasemao kwamba hiyo ni amri ya Mungu. Mvua ni ya Mungu, hatubishi. Lakini kukata mteremko wima kupitisha barabara bila mifereji, kung'oa miti yenye mizizi mirefu, na kuwaacha watu walale chini ya ukingo uliokwisha kupasuka, hayo ni ya binadamu.

Tuchukue mfano wa mbali. Novemba 1970 kimbunga kilipiga kisiwa cha Bhola na pwani ya jirani, katika nchi iitwayo leo Bangladesh. Wakadiriwa watu 300,000 au zaidi walikufa. Baadaye serikali ilijenga majumba imara ya kukimbilia, ikafundisha maelfu ya watu wa kujitolea kupita vijijini wakitoa onyo. Mei 2020 kilipokuja kimbunga Amphan, watu zaidi ya milioni 2 waliondolewa mapema, na waliokufa nchini humo hawakufika 100. Vimbunga havikuacha kuja. Watu ndio waliojiandaa.

Machi 2015, mjini Sendai, Japani, serikali za dunia zilipatana malengo 7 ya kupunguza maafa mpaka 2030. Ni vizuri. Lakini malengo hayo hayasemi ni nyumba zipi za Kangari zitakazohamishwa. Hilo ni letu. Na Katiba ya 2010 imeweka kazi ya maafa mikononi mwa Serikali Kuu na ya Kaunti pia. Kazi ya wawili isipopewa tarehe, huwa haina mwenyewe.

Kwa hiyo twataka malengo manne, kila moja na tarehe yake na afisa wa kuulizwa.

Kwanza, miteremko ya hatari ipimwe, na ramani ibandikwe kwa chifu, kiwandani na katika kila kituo cha kupokea majani chai, kabla ya masika.

Pili, familia itakayoambiwa ihame ionyeshwe kwanza mahali pa kwenda. Kumwambia mtu "hama" bila kumpa pa kuhamia si lengo, ni tangazo tu.

Tatu, onyo la mvua kubwa litolewe kwa Kikuyu na kwa Kiswahili, lifike kabla ya giza.

Nne, siku mteremko ukifungwa kwa hatari, mchumaji asipoteze ujira wake. Alipwaye kwa kilo atapanda mlima hata akiuona ufa, maana watoto wangoja unga. Asipolipwa siku hiyo, onyo limekuwa bure.

Wala sisi tusikae tukingoja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake mara moja aonapo hatari kubwa. Mkiona ufa ardhini, nguzo imeinama, chemchemi imegeuka tope, au mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa wakwama, ondokeni, kisha semeni. Andikeni siku, saa na mahali, na nakala ije kwa katibu wa tawi.

Tena mkienda barazani, msiwaulize wakubwa kama serikali inatujali. Watajibu ndiyo, na baraza litafungwa. Waulizeni: miteremko mingapi, nyumba ngapi, lini, na nani?

Umoja ni nguvu.