Majaribio 1,500 kwa Siku Moja

Anayetafuta dawa mpya mara nyingi huwa na miligramu chache tu za molekuli iliyomgharimu miezi kuitengeneza. Kila mmenyuko anaoujaribu unapunguza akiba hiyo. Ndiyo maana kazi ya wanakemia wa kampuni ya Merck ya Marekani, iliyochapishwa katika jarida la Science mwaka 2015, bado inastahili kuzungumzwa.

Kwa kutumia roboti, walifanya majaribio zaidi ya 1,500 katika muda usiofika siku moja, mengine yakitumia miligramu 0.02 tu za malighafi. Roboti zenyewe hazikuwa ngeni. Maabara za biolojia zilikwisha kuzizoea. Kikwazo kilikuwa kemia. Tone likiwa dogo hivyo, viyeyusho vingi hugeuka mvuke upesi, na chembe zisizoyeyuka huziba mirija. Basi wakabuni namna ya kuunganisha molekuli kwa kichocheo cha paladiamu, ndani ya kiyeyusho kisichopotea hewani haraka, katika joto la kawaida la chumba. Kwangu mimi, huo ndio uvumbuzi mkubwa zaidi: kuirekebisha kemia ili mashine iiweze.

Lipo jambo ninalolidai. Majaribio yanayoshindwa yachapishwe pia. Majarida ya kemia yamejaa mafanikio, na kompyuta iliyofundishwa kutabiri mimenyuko kwa mafanikio matupu haitajua ni wapi mmenyuko utagoma. Roboti hurekodi yote, lililofaulu na lililoanguka, kwa uangalifu uleule. Kampuni zinazozimiliki ziyatoe matokeo hayo, hata kama molekuli zenyewe zitabaki siri.