Ishara za Reli za Italia Katika Ramani ya Watu Wote

Natumaini kila darasa limeketi tayari, na kila mmoja ana daftari na kalamu. Mwalimu wa darasa naye asimame karibu na ubao, maana leo tutamwomba achore.

Katika somo lililopita tulisoma ramani: mito, barabara na mipaka. Leo tutasoma kitu kidogo sana katika ramani, nacho ni nguzo moja yenye taa, iliyosimama kando ya reli huko Italia. Huenda mmoja wenu akauliza, nguzo ya taa ya Italia yatuhusu nini sisi? Yatuhusu kwa kuwa ramani nitakayoizungumza ni ile ile iliyotumiwa Dar es Salaam tangu mwaka 2015 katika kazi iitwayo Ramani Huria, wanafunzi na wakazi walipochora mitaa inayofurika maji wakati wa mvua. Jina la ramani hiyo ni OpenStreetMap. Ilianza Uingereza mwaka 2004. Huchorwa na watu wa nchi nyingi, wengi wao wakijitolea tu, na kila mtu ana ruhusa ya kuitumia bila kulipa, mradi aseme imetoka wapi. Tena kazi ya kuandika ndani yake ni kazi ya kusoma na kuandika hasa, kama hii mnayojifunza ninyi.

Basi kwanza tuijue ishara yenyewe.

Gari la moshi (nasema moshi kwa mazoea tu, maana mengi ya Italia huenda kwa umeme) ni zito sana, wala haliwezi kukwepa. Dereva wa motokaa akiona ng'ombe njiani hukata usukani. Dereva wa treni hana usukani wa kukata. Naye akifunga breki wakati treni iko katika mwendo wa kasi, yaweza kuendelea kwenda karibu kilomita nzima kabla haijasimama. Kwa hiyo hawezi kungoja mpaka aione hatari kwa macho yake mwenyewe; lazima aambiwe mapema. Ndiyo sababu ziko ishara za namna mbili. Ya kwanza ni ishara kuu. Hiyo humwambia dereva: hapa pita, au hapa simama. Ya pili hutangulia, na humwambia: ishara kuu unayoiendea imefungwa, anza sasa kupunguza mwendo. Waitaliano huiita hii ya pili avviso, yaani ilani. Kijani ni ruhusa ya kupita. Nyekundu ikiwa peke yake ni kusimama. Manjano ni ilani ya kwamba mbele kuna nyekundu.

Msidhani ni mambo madogo. Tarehe 7 Januari 2005, karibu na mji wa Crevalcore, kwenye reli ya njia moja baina ya Bologna na Verona, ukungu ulikuwa mzito. Treni ya abiria ilipita manjano, ikapita na nyekundu, ikagongana uso kwa uso na treni ya mizigo. Watu 17 walikufa. Wakati ule sehemu hiyo ya reli haikuwa na mitambo ya kuifunga breki yenyewe dereva anapopita nyekundu.

Ramani yetu haikuwekwa ili kuzuia ajali kama ile. Hakuna dereva aendeshaye treni kwa kutazama OpenStreetMap, wala asithubutu. Shirika la reli lina michoro yake, iliyofanywa kwa kazi ya shirika. Lakini mkazi aishiye kando ya reli, mwanafunzi, mwandishi wa gazeti, au abiria anayepanda treni ile ile kila asubuhi, aweza kutaka kujua: hapa pana ishara? Ni ya namna gani? Yamsemesha nani? Mtu huyo atafungua ramani ya watu wote. Akikuta hapana kitu, atauliza kwingine. Akikuta jambo lisilo kweli, ataliamini. Kwa maoni yangu hili la pili ni baya zaidi kuliko la kwanza.

Sasa tuandike. Katika ramani hii vitu vingi ni nukta au mstari. Reli ni mstari. Ishara ni nukta. Nukta peke yake haisemi neno, kwa hiyo huandikiwa lebo, na kila lebo ina sehemu mbili, kama swali na jibu, na katikati alama ya sawasawa. Lebo zenyewe ni za Kiingereza, kwa kuwa ramani ilizaliwa Uingereza. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni polepole, herufi moja moja:

railway=signal

Railway ni reli. Signal ni ishara. Lebo hiyo yasema: hapa, kwenye reli, pana ishara. Nukta hiyo huwekwa juu ya mstari wa reli wenyewe, hata kama nguzo imesimama hatua mbili tatu pembeni, ili ijulikane ni ya reli ipi. Penye njia mbili au tatu zinazokwenda sambamba jambo hili lina faida kubwa.

Lakini mpaka hapa hatujasema mengi. Ishara ni kama mtu anayezungumza: ana uso na ana kisogo. Humtazama dereva anayetoka upande mmoja, na dereva anayetoka upande wa pili haimhusu hata kidogo. Kuandika ishara bila kusema yamtazama nani ni kama kuandika barua nzuri, kisha bahasha ukaiacha tupu.

Mwalimu wa darasa, chora mstari mrefu ubaoni. Anza kushoto, maliza kulia. Kushoto andika B, ndiyo Bologna. Kulia andika V, ndiyo Verona. Katikati weka nukta. Mmeona? Mkono wa mwalimu ulitoka B ukaenda V. Na kompyuta hukumbuka mkono ulikotoka. Kila mstari wa ramani hii una mwanzo na mwisho, hata kama machoni pa mtazamaji pande zote ni sawa.

Haya, ishara yetu yamtazama dereva anayetoka Bologna kwenda Verona. Yeye aenda kama mkono ulivyokwenda. Tutaandika forward, yaani mbele. Na kama ishara yamtazama dereva anayetoka Verona kurudi Bologna? Huyo aenda kinyume cha mkono. Tutaandika backward, yaani nyuma. Lebo kamili ni hii:

railway:signal:direction=backward

Hapa ndipo wengi hukwama. Hudhani forward ni upande wa mji mkubwa, au upande ambao treni nyingi huenda. Sivyo. Ni upande wa mkono wa mchoraji, basi. Naye mchoraji huenda alikuwa mtu mwingine kabisa, aliyechora reli ile miaka kumi iliyopita. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno hili, tazama kwanza vishale ambavyo programu ya kuchorea huonyesha juu ya mstari. Tena mtu akija baadaye akaugeuza mstari, forward hubadilika maana yake, na lebo isipobadilishwa pamoja na mstari, ishara itageuka na kumwonyesha kisogo dereva wake.

Kisha huandikwa ishara iko mkono gani wa reli: left kushoto, right kulia. Mkono huo ni mkono wa dereva anayetazamwa, si wa msomaji wa ramani. Huko Italia treni, penye njia mbili, kwa kawaida hupita kushoto, na ishara nyingi zimesimama kushoto. Lakini kawaida si kila mahali. Wako wanaoandika left bila hata kutazama, kwa kuwa ati ni Italia. Tazama kwanza, ndipo uandike.

Sasa tuje kwenye jambo gumu. Kamusi ya lebo za ishara ilipanuliwa kwa sehemu kubwa na watu wa Ujerumani, nao waliipanga kwa ishara walizozoea kwao: ishara kuu ina lebo yake, ya ilani ina lebo yake, na iliyounganisha kazi mbili ina lebo ya tatu, combined. Jibu la lebo huanza kwa herufi mbili za nchi, DE kwa Ujerumani, IT kwa Italia, ili mtu asichanganye sheria za huku na za kule. Mpango huo ni mzuri. Taabu ni kwamba Italia taa moja mara nyingi hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ikiwaka manjano humwambia dereva: hapa pita, lakini inayofuata imefungwa. Je, hiyo ni ishara kuu au ni ilani? Ni zote mbili. Ukiandika kuu tu, nusu ya maneno yake yamepotea. Mimi naona kipimo kizuri ni kuuliza: taa hii yaweza kusema nini? Kama yaweza kuamuru kusimama hapa, na pia kutoa habari za mbele, basi iandikwe kuwa iliyounganishwa.

Angalieni nimesema yaweza kusema nini. Sikusema imesema nini leo. Mtu akipita saa nne asubuhi akakuta nyekundu, hawezi kuandika kwamba ishara ile ni nyekundu; ile ilikuwa habari ya dakika moja. Italia mtaona hata nyekundu na kijani zikiwaka pamoja kwenye nguzo moja. Mgeni atadhani taa zimeharibika. Sivyo. Dereva aruhusiwa kupita, lakini polepole, kilomita 30 kwa saa, kwa kuwa treni yageuzwa kuingia njia ya pembeni. Nyekundu na manjano pamoja ni vivyo hivyo, ila hapo dereva ajue tena kwamba ishara inayofuata imefungwa. Na pakiwa na kibao cha ziada kiitwacho rappel, mwendo waweza kuongezwa ufike 60 au 100. Kwa hiyo mwandishi wa ramani huorodhesha hali zote ambazo ishara yaweza kuonyesha. Asipozijua zote, aandike kwamba ni ishara ya taa, aache hapo. Mwenzake atakuja kuongeza.

Kuna nguzo nyingine zenye herufi moja, P. Ninyi mnaoanza kusoma mtaipenda hii. Herufi hiyo yamwambia dereva kwamba nyekundu ya hapa, baada ya kusimama na kufuata masharti, yaweza kupitwa kwa uangalifu mkubwa. Pasipo P, nyekundu ni nyekundu. Herufi moja tu! Basi aandikaye ramani na asiisahau.

Ziko pia ishara fupi zilizokaa chini karibu na ardhi, za kuelekeza treni zinapopangwa stesheni. Wafanyakazi wa reli wa Italia huziita marmotta. Marmotta ni mnyama mdogo wa milimani, mnene, mfano wa pimbi wetu, apendaye kusimama wima mlangoni mwa shimo lake akitazama huku na huku. Ukiiona ishara yenyewe utacheka, maana jina limeifaa. Hii si ishara kuu wala si ilani. Ina lebo yake, nayo ni shunting.

Na mahali palipo patupu je? Reli ya mwendo wa kasi baina ya Roma na Napoli, iliyofunguliwa Desemba 2005, haina taa za ishara kando ya njia kama reli za zamani. Amri humfikia dereva kwa mawimbi ya redio, kama haya yanayowaletea sauti yangu, nazo huonekana kwenye kioo mbele yake. Pembeni mwa reli mna vibao tu. Hivyo ramani isiyoonyesha taa mahali pale yasema kweli. Lakini reli ndogo ya shamba isiyo na nukta hata moja, huenda ina taa na hapana aliyekwenda kuziandika. Patupu pa kwanza na patupu pa pili hufanana kabisa machoni. Dawa yake ni kuuandikia mstari wa reli lebo ya kueleza treni za pale huongozwa kwa njia gani. Kazi hii haipendezi kama kuweka nukta, na wengi huiruka.

Neno la mwisho ni la usalama. Ishara husomwa kutoka jukwaa la stesheni, kutoka kwenye kivuko cha barabara, au dirishani mwa treni. Mtu asitembee juu ya reli kwa ajili ya ramani. Wala asinakili michoro ya wengine bila ruhusa. Aandike alichokiona kwa macho yake.

Haya, zoezi. Chora mstari katika daftari lako. Kushoto andika M, ndiyo Milano. Kulia andika T, ndiyo Torino. Lakini safari hii mkono wako uanzie T na umalizie M. Katikati weka nukta. Ishara yamtazama dereva atokaye Milano kwenda Torino, nayo iko mkono wake wa kushoto. Andika lebo tatu: ya kusema hapa pana ishara, ya kusema yamtazama nani, na ya kusema iko mkono gani. Majibu nitayasoma mwanzoni mwa somo lijalo. Kwaherini.